Kutoka Kwapani Hadi Unyayoni

Mwanzi ninaofanyia mazoezi una urefu wa kutoka kwapani kwangu hadi unyayoni. Kipimo hicho nimekipata kwa Ridolfo Capo Ferro, mwalimu wa upanga aliyechapisha kitabu chake mjini Siena, Italia, mwaka 1610. Alifundisha kwamba upanga uwe na urefu mara mbili ya mkono wa mwenyewe, ulingane na hatua yake ndefu ya kushambulia, na ulingane pia na umbali wa kutoka kwapa hadi unyayo. Mwili wa mtu ndio futi kamba yake.

Niliuomba kwa mzee mmoja mwenye milanzi nje kidogo ya mji wa Iringa. Tukaamkiana kamwene, nikamweleza shida yangu, naye akanisikiliza bila kucheka. "Usikate mchanga, mwanangu," akasema, "huo bado tunaugema." Akaingia kichakani, akawa anagonga shina moja moja kwa ubapa wa panga na kutega sikio, mpaka akapata lililotoa mlio mkavu. Nimesoma mengi kuhusu kuchagua upanga wa kujifunzia, lakini sijaona uchaguzi uliofanywa kwa makini kuliko ule.

Upanga ninaousema huitwa rapia. Ni mrefu, mwembamba, na kazi yake kubwa ni kudunga. Una kilo moja na ushei, ila ukiushika vizuri mkono hauelemewi, kwa kuwa uzito mwingi umewekwa nyuma: kwenye kikingio kinachofunika vidole na kwenye kirungu cha chuma mwishoni mwa mpini. Sehemu ya ubapa iliyo karibu na mkono ndiyo yenye nguvu, na hapo ndipo unapoupokea upanga wa mwenzako. Kuelekea nchani ni kwepesi na dhaifu. Ukipokea kwa ncha, umeshasukumwa pembeni.

Hayo sikuyajua nilipoanza. Nilimpelekea fundi chuma kipande cha springi ya gari anifulie upanga, naye akanifulia nilichomwagiza: mzito, mgumu, mzuri kwa macho. Kosa lilikuwa langu. Upanga wa mazoezi lazima ukubali kupinda. Ncha ikigusa kifua cha mwenzako, chuma kinapaswa kujikunja kama upinde na kumeza ile nguvu. Kisipojikunja, mbavu zake ndizo zitakazoimeza. Kwa hiyo anayenunua wa kwanza asianze na nakshi. Aangalie ncha iliyofumbwa na kuvikwa mpira, ubapa unaopinda na kurudi ulivyokuwa, na uzito ulioegemea mkononi. Tena kabla ya upanga anunue barakoa ya wavu wa chuma, kinga ya koo na glavu. Jicho halina spea.

Mwanzi nautumia peke yangu tu, maana ukipasuka unatoa vibanzi vikali. Nimefunga kizibo kwa uzi kwenye tawi la mparachichi, na kila asubuhi nakidunga: mkono kwanza, mguu baadaye. Mguu ukitangulia, mwili umefika kwa adui kabla ya silaha. Mwezi mzima nimekuwa kwenye jambo hilo moja, na sijalichoka.

Kwa sababu hiyo naitazama upya mikuki iliyoko Kalenga, kwenye makumbusho yenye fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lililorudishwa mwaka 1954. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, Wahehe, wengi wao wakiwa na mikuki, walikivunja kwa dakika chache kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski. Watu husimulia ushujaa, na ulikuwepo. Mimi naona pia elimu ya umbali. Bunduki inataka nafasi na muda. Mkuki uliokwisha kufika hautaki chochote. Watu wale walijua hatua ngapi zinatosha, na walijifunza hayo mahali fulani, kwa mtu fulani. Wanahistoria wanaeleza kwamba mbinu nyingi za vita Wahehe walizitoa kwa Wasangu, huko ambako leo ni Mbarali mkoani Mbeya. Na Wakinga wa milimani walisifika kwa kufua majembe na mikuki iliyouzwa kwa majirani.

Chuma tunacho, nyuma ya kioo. Mguu upi ulitangulia? Kidole gumba kililala wapi kwenye mpini? Capo Ferro alikufa zamani, lakini kitabu chake kina picha za miguu, mikono na mabega, ndiyo maana mimi wa Iringa naweza kusimama alivyosimama yeye. Pwani, kirumbizi, mchezo wa fimbo unaochezwa kwa ngoma na zumari, umeishi kwa kubebwa na sherehe. Mkuki wa Nyanda za Juu haukupata kitabu, na ngoma zake zinapungua.

Basi wewe mwenye babu Kalenga, Rujewa au Makete, nenda na simu yako. Usimwombe hadithi ya vita. Mpe fimbo mkononi, mwombe asimame jinsi alivyofundishwa kusimama, kisha umpige picha kuanzia miguuni.