Nyanya ya Manjano Inasifiwa Bure

Nyanya ya manjano ina mashabiki wengi kuliko inavyostahili. Nasema hivi nikiwa na ushahidi wa ndoo nane za rangi, za lita 20, juu ya paa la ploti yetu. Nusu nilipanda Yellow Pear, ile ndogo yenye umbo la pea. Nusu nyingine ni Jaune Flamme ya Ufaransa. Jina lake maana yake ni kama "moto wa manjano", ila ikiiva ni rangi ya chungwa tupu. Mfaransa naye ana mambo yake.

Zote ni mbegu za kurithi: unakausha mbegu za tunda lako, unapanda, unapata nyanya ile ile. Nyanya za nyanya, tukitaka kucheza na Kiswahili. Na zote zilipata samadi moja na maji ya mtungi yale yale, kwa hivyo asiyefanya vizuri asisingizie malezi.

Yellow Pear ukiiuma inapasuka, maji yanajaa mdomoni, halafu basi. Sukari ipo kidogo, uchachu wa kuisindikiza haupo. Unakula ya pili kwa sababu ya kwanza haikukuambia kitu. Na inazaa bila huruma, mpaka majirani wanaanza kukukwepa kwa ngazi.

Jaune Flamme inaanza na uchachu, karibu kama ukwaju. Utamu unakuja nyuma yake, na ukishameza kuna harufu inabaki, kitu cha karibu na pasheni. Unatulia kidogo kabla ya kuchukua nyingine.

Mashabiki wa manjano watakuambia haina asidi, ni laini kwa tumbo. Lakini rangi haipimi asidi. Kinachopungua hasa ni harufu. Niliacha chuo mwaka wa pili, lakini hili halihitaji digrii: nyanya hutengeneza karotinoidi, ndizo zinazoipa wekundu au uchungwa, na zikivunjika, baadhi ya vipande vyake ndiyo sehemu ya harufu tunayoiita ladha. Kwenye nyanya nyingi za manjano, jeni inayoanzisha kazi hiyo ndani ya tunda ina hitilafu. Rangi ikikosekana, sehemu ya harufu inaenda nayo.

Mbona nishike hili kama kesi? Kwa sababu sisi wa Nairobi tumelelewa na nyanya za kreti. Inayotoka Mwea au Loitokitok lazima iwe ngumu, ivumilie lori na mashimo ya barabara, ifike kwa mama mboga ikiwa haijapondeka. Tunaibonyeza, tunaitazama, tunalipa. Hakuna anayeinusa. Sawa, biashara ni biashara. Lakini ya kwako inasafiri kutoka ndooni hadi kwenye sahani. Haina lori la kuogopa. Halafu bado unaichagua kwa macho, kwa sababu inang'aa kwenye Instagram?

Nilizijaribu kwenye kachumbari. Kitunguu kiliimeza Yellow Pear nzima nzima. Ungedhani nimekata matango. Jaune Flamme ilipambana na kitunguu, pilipili na dhania, na ndimu niliyokuwa nimekata ikabaki kando, haikuhitajika.

Mbegu za Jaune Flamme zinakauka sasa kwenye gazeti, dirishani. Za Yellow Pear nimempa jirani wa chini, ambaye anapiga picha nzuri sana.