Insafu na Kimya: Filamu ya Marcel Ophüls na Mizani ya Watangazaji wa Umma

Katika lugha yetu yako maneno mawili ambayo watu huyatumia kama ndugu pacha, kumbe hayakuzaliwa na mama mmoja. Neno la kwanza ni usawa. La pili ni insafu. Usawa hupimwa kwa saa ya mkononi: huyu amepewa dakika kumi, na yule apewe dakika kumi. Insafu haipimwi hivyo. Humtaka mwamuzi asikilize kila upande, aupime ushahidi kwa uzito wake, kisha atamke lile ulilolionyesha, hata likimchukiza mwenye nguvu. Nakusudia kuonyesha katika insha hii kwamba mashirika ya utangazaji ya umma, yanapoletewa habari za maovu ya vita, mara nyingi huukimbilia usawa ili kuikwepa insafu, na kwamba kimya ndiyo njia yao iliyo nyepesi kuliko zote ya kukwepa.

Mfano wangu mkuu ni filamu ya Marcel Ophüls iitwayo Le Chagrin et la Pitié, yaani Huzuni na Huruma, iliyotolewa mwaka 1969. Ophüls aliitengeneza pamoja na André Harris na Alain de Sédouy. Wote watatu walikuwa wameachana na ORTF, shirika la redio na televisheni la dola ya Ufaransa, baada ya migomo ya mwaka 1968. Fedha za kazi hiyo zilitoka kwa vituo vya televisheni vya Ujerumani Magharibi na Uswisi. Filamu ina urefu wa zaidi ya saa nne, nayo yasimulia maisha ya mji wa Clermont-Ferrand na jirani zake tangu mwaka 1940 hata 1944, wakati Jemadari Pétain alipotawala kutoka Vichy kwa ridhaa ya Wajerumani.

Ili msomaji ajue uzito wa shauri lenyewe, inafaa akumbushwe tukio moja. Tarehe 16 na 17 Julai 1942, Wayahudi wapatao 13,000 walikamatwa katika Paris na vitongoji vyake, na katika hao watoto walizidi 4,000. Waliowakamata walikuwa polisi wa Kifaransa, wakitumwa na wakubwa wa Kifaransa waliopatana na Wajerumani. Baada ya vita, hadithi iliyopendwa na wenye mamlaka ilikuwa kwamba taifa zima lilimpinga adui, isipokuwa wasaliti wachache ambao hesabu yao ilikwisha kufungwa. Rais wa Ufaransa hakukiri hadharani kosa la dola katika tendo lile mpaka Jacques Chirac alipofanya hivyo tarehe 16 Julai 1995, miaka 53 baadaye.

Ophüls hahubiri. Humkalisha shahidi, humwuliza kwa upole, humwacha aseme mpaka amalize, kisha huweka kando ya maneno yake kipande cha senema ya habari za siku zile, na mtazamaji hubaki na kazi ya kulinganisha. Mwenye duka mmoja aeleza kwa nini alitangaza gazetini kuwa yeye si Myahudi, ingawa jina lake lilidhaniwa kuwa la Kiyahudi. Mkulima mmoja aliyepigana chini kwa chini, akachongewa, akapelekwa kambi ya Buchenwald, asema kwamba amjua aliyemchongea na wala hakujilipiza kisasi. Christian de la Mazière, kijana wa ukoo bora aliyejiunga na kikosi cha Wafaransa katika jeshi la Hitler, apewa nafasi ndefu ya kueleza namna alivyovutwa. Mkwewe Laval, waziri mkuu wa Vichy, apewa nafasi ya kumtetea marehemu. Na mwandishi Claude Lévy aeleza habari za watoto wa Julai 1942. Hapa washtakiwa na watetezi wao wamesikilizwa kuliko walivyozoea kuwasikiliza wengine. Hata hivyo filamu haisemi mwishoni kwamba pande zote zina haki. Imesikiliza, ikapima, nayo imeonyesha matokeo ya kipimo chake.

Isidhaniwe kuwa kazi hii haina kasoro. Wanawake takriban hawasikiki ndani yake, na anayehojiwa kwa kirefu ni mfuasi wa Pétain, kana kwamba wake na mama waliobeba barua, chakula na silaha kwa siri hawakuwako. Mara nyingine kicheko cha mhariri husikika katika mpango wa picha: afisa wa zamani wa Kijerumani ahojiwa arusini, nishani zikimeta kifuani, naye amekwisha kuhukumiwa na mavazi yake kabla hajafumbua kinywa. Hila hii ni ya msanii, na mhakiki ana haki ya kuionyesha kidole.

Sasa tuitazame ORTF. Shirika hili halikutoa amri ya kuipiga marufuku filamu. Hapakuwa na barua wala hukumu. Lilichofanya ni kutoinunua tu, na kwa kuwa wakati ule hapakuwa na televisheni nyingine nchini, kutonunua kulitosha kabisa. Filamu iliyoonekana Ujerumani tangu mwaka 1969 ilifunguliwa Paris mwezi wa Aprili 1971 katika jumba dogo la senema, watu wakapanga foleni. Mkurugenzi mkuu wa shirika alipotakiwa kujieleza alisema, kwa maana, kwamba filamu ile inavunja hadithi ambazo Wafaransa bado wanazihitaji. Wafaransa walio wengi, wasiofika katika majumba ya senema ya Paris, waliiona katika televisheni yao mwezi wa Oktoba 1981, baada ya serikali kubadilika.

Kauli ya mkurugenzi yastahili kuchunguzwa kama mstari wa tungo. Haikusema kwamba filamu ni ya uongo. Kama ingesema hivyo, Ophüls angeweza kujibu kwa ushahidi, na wasomi wangeweza kuamua. Ilisema kwamba ni ya kweli mno kwa afya ya msikilizaji. Kauli ya namna hii humwondoa mhariri katika kiti cha mwamuzi na kumkalisha katika kiti cha mlezi, na mlezi hana lazima ya kutoa sababu kwa mtoto.

Lakini yako hoja moja iliyotoka kwa mtu ambaye hakuna awezaye kumdhania woga wala hila. Simone Veil, aliyepelekwa Auschwitz mwaka 1944 na kurudi, alikuwa mjumbe wa baraza la ORTF, naye aliipinga filamu. Alisema kwamba inawatia Wafaransa wote doa, na kwamba haikuwapa nafasi yao watu wa kawaida waliowaficha Wayahudi. Hoja hii ina nguvu. Wayahudi wapatao 76,000 walichukuliwa kutoka Ufaransa, na waliorudi ni wachache sana. Lakini takriban robo tatu ya Wayahudi waliokuwa nchini waliokoka, na wengi wao waliokoka kwa sababu jirani, mtawa au mkulima alifungua mlango. Filamu isiyouonyesha mlango ule imepungukiwa.

Mimi nakubali kwamba imepungukiwa, lakini sikubali dawa. Upungufu wa ushahidi huponywa kwa kuongeza ushahidi. Shirika lingaliweza kuionyesha filamu usiku mmoja, na usiku wa pili likamweka Veil mwenyewe mbele ya watazamaji aseme aliyoyaona na kilichosahauliwa. Watu wangesikia mawili na wangepata hekima ya mawili. Kwa kuizuia, shirika liliinyima nchi filamu, na papo hapo likainyima jibu la Veil, kwa maana jibu halina nguvu mahali ambapo neno lenyewe halikusemwa.

Mtu asidhani kwamba hayo ni mambo ya zamani na ya taifa moja. Mwaka 2025 BBC ya London ilikabiliwa na mashauri mawili juu ya vita vya Gaza, na kuyalinganisha kuna mafunzo. Mwezi wa Februari ilionyesha filamu juu ya maisha ya watoto wa Gaza, kisha ikaiondoa baada ya siku chache, ilipojulikana kwamba baba wa mtoto msimulizi alikuwa naibu waziri wa kilimo katika serikali ya Hamas na watazamaji hawakuambiwa. Mawaziri walitaka maelezo. Uchunguzi wa BBC yenyewe uliona kosa moja la kutosema ukweli kamili, na mwezi wa Oktoba Ofcom, chombo kinachosimamia utangazaji Uingereza, kiliamua kwamba watazamaji walipotoshwa. Hapa pana kosa lenye jina. Mtazamaji ana haki ya kujua shahidi ni mwana wa nani. Lawama ilistahili.

Shauri la pili ni la sura nyingine. Filamu juu ya madaktari wa Gaza, iliyoagizwa na BBC yenyewe, ilieleza mashambulio juu ya hospitali na mateso ya wahudumu waliowekwa kizuizini. Israeli hukana mashtaka hayo na kusema kwamba Hamas ilizitumia hospitali kwa vita. Mwezi wa Juni BBC ilitangaza kwamba haitaionyesha, kwa kuwa kuionyesha kungeweza kuwafanya watu waione BBC kuwa imependelea upande. Channel 4, ambayo nayo ni mali ya umma, iliionyesha tarehe 2 Julai. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tahadhari ya BBC baada ya mwezi wa Februari yaeleweka. Walakini sababu iliyotolewa haikutaja shahidi mwongo wala tarakimu iliyopindwa. Ilitaja namna watu watakavyodhani. Dhana ya watu haiwezi kuitwa mahakamani ikaulizwa maswali.

Tena BBC ilikuwa imekwisha kuonyesha njia iliyo bora. Mwezi wa Septemba 2024 ilionyesha filamu ya Yariv Mozer juu ya vijana waliouawa na kutekwa katika tamasha la Nova tarehe 7 Oktoba 2023, siku ambayo Hamas na wenziwe waliwaua watu wapatao 1,200. Filamu ile ni ya walionusurika, na wasemao humo ni wao. Hapana mwenye akili atakayedai kwamba ingelazimika kuwaomba radhi watu wa upande wa pili kabla ya kusikiliza kilio cha wahasiriwa. Insafu ya shirika hutazamwa katika kazi zake zote kwa jumla. Kila ushuhuda, ukisha kuthibitishwa, una haki ya kusikika kwa ukamilifu wake.

Wahariri wengine hujifariji wakisema kwamba, madhali pande zote mbili zinalalamika, bila shaka wao wamesimama katikati. Faraja hii ni dhaifu. Mwenye mizani mbovu naye hulalamikiwa na muuzaji na mnunuzi. Wingi wa malalamiko hautuambii lipi ni la kweli. Lazima kila moja lifunguliwe na kusomwa.

Sisi wasemaji wa Kiswahili hatuyasemi haya kama wageni. Tangu mwaka 1957, idhaa ya Kiswahili ya BBC ilipoanza, wengi wa wazee wetu waliisikiliza ili kupima yale waliyoambiwa na vituo vya serikali zao. Imani ile haikujengwa na usawa wa dakika. Ilijengwa na matumaini kwamba kile ambacho mkubwa wa hapa hakupenda kisemwe, mtu wa mbali atakisema. Imani hiyo itakapohitajika dhidi ya mkubwa wa kule, nayo ikakosekana, msikilizaji wa Mombasa au Bujumbura ataiona tofauti hata akiwa hajui jina la filamu iliyozuiwa.

Kwa hiyo nawasihi wanafunzi watakaokuwa wahariri kesho, wanapoletewa kazi kama hizi, waulize kwanza kama ushahidi ni wa kweli, kisha kama mshtakiwa amepewa nafasi ya kujibu, kisha kama mtazamaji ameambiwa shahidi ni nani. Likipatikana kosa, litajwe na lirekebishwe mbele ya watu. Lisipopatikana, kazi ionyeshwe, na mwenye jibu aitwe ajibu. Na ikiwa wataamua kuizuia, basi waiandike sababu kwa maneno ambayo mtengenezaji wake aweza kuyajibu. Mhariri asiyeweza kuiandika sababu hiyo ajue kwamba si ushahidi uliomzuia.