Dodoso linampima mama, halipimi zahanati

Kama umesoma tasnifu tatu nne za afya ya jamii kutoka vyuo vyetu, hitimisho la zile zinazohusu saratani ya matiti unalijua kabla hujafika ukurasa wa mwisho: uelewa wa wanawake wa vijijini ni mdogo, hivyo elimu iongezwe. Mtafiti anapata shahada yake, Oktoba inafika na fulana za pinki, na mwaka unaofuata mwingine anakwenda wilaya ya jirani na dodoso lilelile.

Leo nataka tulihakiki hilo dodoso. Si la mtu fulani. Ni aina nzima ya utafiti unaoitwa maarifa, mtazamo na matendo. Sisi wanafunzi wa uzamili tunaupenda kwa sababu, tuseme ukweli, ni wa bei nafuu na unakwisha kabla muda wa chuo haujaisha. Nitalisoma kama vile natakiwa kulipeleka Newala, juu ya uwanda wa Makonde, na Masasi, chini kwenye tambarare yenye majabali. Hoja yangu ni hii: dodoso linapima kilichomo kichwani mwa mwanamke, halipimi kinachompata baada ya kufungua mdomo na kusema ana uvimbe. Na kuchelewa kunakoua kuko pande zote mbili.

Maswali yenyewe

Swali la kwanza karibu kila mara ni: umewahi kusikia kuhusu saratani ya matiti? Linaonekana rahisi. Lakini "saratani" ni neno la redioni na la vitabuni. Mtaani watu husema kansa, na wapo, hasa wazee, ambao titi huliita ziwa. Mama wa Newala ambaye lugha yake ya nyumbani ni Kimakonde, au wa Masasi anayezungumza Kimakua au Kiyao, anaweza kuwa amemuuguza dada yake mwenye kidonda cha ziwa mpaka siku ya mwisho, halafu akajibu kwamba hajasikia. Dodoso linaandika sifuri. Mtu aliyeuona ugonjwa kwa macho yake anahesabiwa kuwa haujui.

Swali la pili ni la vihatarishi. Taja: pombe, unene, kutonyonyesha, kuchelewa kuzaa, ugonjwa kuwepo kwenye ukoo. Kisayansi vyote ni sahihi. Ila Shirika la Afya Duniani lenyewe linasema karibu nusu ya saratani za matiti huwapata wanawake wasio na kihatarishi chochote kinachojulikana, zaidi ya kuwa mwanamke na kuvuka miaka 40. Sasa mama aliyezaa mapema, akanyonyesha watoto watano na pombe haigusi, ukimkaririsha orodha hiyo unamwambia nini? Anaweza kuondoka akiamini yeye hahusiki. Hapo elimu yetu imemrudisha nyuma.

Swali la tatu: unajichunguza matiti kila mwezi? Asiyejichunguza anapoteza alama. Na hapa ndipo ninapouliza kama waandishi wa madodoso huwa wanasoma majarida. Huko Shanghai, wanawake 266,064 wa viwanda vya nguo waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja likafundishwa kujichunguza kwa bidii, likakumbushwa na kusimamiwa kwa miaka, jingine halikufundishwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002. Waliokufa kwa saratani ya matiti katika kundi lililofundishwa walikuwa 135, na katika lile jingine 131. Tofauti hakuna. Kilichoongezeka kwa waliofundishwa ni upasuaji wa vimbe ambazo hazikuwa saratani.

Hii haina maana kwamba mwanamke asiyajue matiti yake. Kuna tofauti kati ya kukariri hatua za ukaguzi wa kila mwezi na kujua hali yako ya kawaida, ili mabadiliko yakitokea uyatambue: uvimbe, hata usiouma, chuchu iliyoanza kuingia ndani, ngozi iliyokuwa kama ganda la chungwa, damu inayotoka kwenye chuchu, tezi kwapani. Vimbe nyingi si saratani, lakini anayeweza kujua ni aliyepima, si aliyetazama. Mambo hayo matano mama anayashika kwa dakika mbili. Dodoso la kurasa nane halihitajiki.

"Kisu ndicho kilichomuua"

Kipengele cha mtazamo kina sehemu ya "imani potofu", na inayotajwa sana ni ile kwamba ukipasuliwa saratani inasambaa na unakufa haraka. Tunaiandika kama ujinga. Hebu tuitazame kama wanasayansi.

Tathmini ya huduma za afya ya matiti Tanzania ya mwaka 2017 ilionyesha kwamba takriban asilimia 80 ya wanawake hugunduliwa wakiwa hatua ya tatu au ya nne, yaani ugonjwa umeshakua sana au umeshahama kwenda mifupani, kwenye mapafu au ini. Sasa wewe uko kijijini. Umewaona wanawake watatu wakipelekwa hospitali kwa tatizo la ziwa. Wote walikwenda wamechelewa, wote wakapasuliwa, wote wakazikwa. Ungehitimisha nini? Aliyeona kesi tatu na vifo vitatu hajaota ndoto. Ameona kitu halisi. Kosa lake ni lile linalotuangusha hata sisi kwenye takwimu: sampuli imependelea upande mmoja. Hajamwona aliyekwenda mapema akapona, kwa sababu huyo yuko wachache mno, au yupo ila amenyamaza.

Imani ya namna hiyo bango haliwezi kuifuta. Inafutwa na jirani aliyetibiwa miaka sita iliyopita na bado anaonekana kwenye foleni ya maji. Ili jirani huyo awepo, lazima zahanati na hospitali ziwe zimefanya kazi yao mapema. Kwa maneno mengine, huduma ndiyo inayozaa uelewa, kuliko tunavyopenda kukiri.

Upande wa pili wa meza

Ushahidi mzuri wa karibu unatoka Rwanda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwafuatilia wagonjwa 144 wa saratani ya matiti katika hospitali mbili za vijijini, ukagawa kuchelewa kwao mafungu mawili: tangu dalili ya kwanza hadi kufika kwenye kituo cha afya, na tangu kufika hadi kupata jibu. Mediani ya fungu la kwanza ilikuwa miezi mitano. Mediani ya fungu la pili? Miezi mitano vilevile. Mwanamke alichelewa, na mfumo ukachelewa sawasawa naye. Wengine walizunguka vituoni mara tano au zaidi kabla ya kupata jibu.

Wale wote, kwa dodoso letu, wangehesabiwa upande mmoja tu.

Ajabu ni kwamba hata Shirika la Afya Duniani, ambalo tunalinukuu kwenye kila utangulizi, halisemi tunachosema sisi. Mpango wake wa saratani ya matiti ulioanzishwa mwaka 2021 una malengo matatu: angalau asilimia 60 ya wagonjwa wagunduliwe wakiwa hatua ya kwanza au ya pili, majibu yapatikane ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike, na angalau asilimia 80 wamalize matibabu. Lengo la pili na la tatu mama hawezi kuyatimiza kwa kuelewa. Ni ya mhudumu, maabara, dawa na nauli.

Zichukue hizo siku 60 uzipeleke Newala. Mama anaanza zahanati ya kijiji. Akibahatika, mhudumu anamshika titi badala ya kumwandikia dawa ya jipu. Anapewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, au anashuka Masasi kwenda Mkomaindo, au Ndanda kwa wamisionari. Kinyama cha uvimbe kikichukuliwa, lazima kisomwe na mtaalamu wa patholojia, na wataalamu hao nchini ni wachache. Juu yake kuna Ligula na Hospitali ya Kanda ya Kusini, zote Mtwara. Barabara ya Mtwara, Newala hadi Masasi ni kilomita 210, na lami yake imesubiriwa miaka na miaka. Kwa mionzi, watu wa kusini wamezoea kwenda Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, na mionzi si ya siku moja. Ni ya wiki kadhaa. Nani atalala naye? Nani atachota maji nyumbani, kwenye uwanda ambao maji yamekuwa shida tangu enzi za wakoloni? Je, safari hiyo inaamuliwa na yeye, mumewe, au mjomba, kwa watu ambao ukoo wao kwa jadi hufuata upande wa mama? Dodoso linauliza hali ya ndoa, kisha linaendelea na swali lingine.

Oktoba ni ya korosho

Kuna jambo moja dogo linaloonyesha jinsi kampeni zetu zilivyochorwa mbali. Mwezi wa saratani ya matiti ni Oktoba, dunia nzima. Masasi na Newala Oktoba ni msimu wa korosho. Wanawake wako mashambani wanaokota korosho na kuzitenganisha na mabibo, magunia yanakwenda ghalani, na minada ya vyama vya MAMCU na TANECU inaanza. Kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, pesa haiji siku unayopeleka mzigo. Inakuja baada ya mnada. Kwa hiyo tunamwita mama aje kupimwa wakati hana nafasi, na uvimbe anaougundua mwezi Machi unamkuta hana nauli. Kampeni inayowafikiria watu hawa ingepima baada ya malipo, si kwa kalenda ya pinki.

Pingamizi moja

Utaniambia: asiyejua hawezi kufika, na asipofika zahanati haina wa kumhudumia. Ni kweli, na ile miezi mitano ya kwanza ya Rwanda siifichi. Lakini tazama kilichofanyika Mumbai, India, katika jaribio la wanawake 151,538 lililochapishwa mwaka 2021 baada ya kufuatiliwa kwa miaka 20. Wanawake wahudumu wa afya ya msingi, waliofunzwa, walitoa elimu na pia kuwapima matiti kwa mikono yao kila baada ya miaka miwili. Waliogunduliwa wakiwa hatua ya tatu au ya nne walipungua kutoka asilimia 47 hadi 37. Vifo kwa jumla vilipungua kidogo tu, kiasi ambacho takwimu hazikuweza kukithibitisha. Kwa wenye miaka 50 na zaidi vilipungua karibu theluthi moja. Elimu ilikuwepo, ndiyo. Ilikuja pamoja na mkono uliopima na hospitali iliyopokea.

Kwa hiyo wewe unayeandaa pendekezo lako la utafiti, sikwambii utupe dodoso. Geuza maswali. Muulize mama: ulipohisi uvimbe, ulimwambia nani kwanza, na ilipita siku ngapi? Ulipofika zahanati, kuna aliyekushika, au ulipewa vidonge ukarudi? Ulizungushwa vituo vingapi? Ulikwama wapi, kwa shilingi ngapi? Kisha geukia upande wa pili wa meza umuulize mhudumu maswali yaleyale matatu manne tunayomuuliza mama: dalili unazijua? Umewahi kufundishwa kupima titi? Ukimwandikia rufaa, unajua kama alifika?

Itakuwa kazi ngumu zaidi, na pengine msimamizi wako atakuambia sampuli ni ndogo. Lakini Newala watakuwa na jibu la kuanzia, na tasnifu yako haitaishia pale pale zilipoishia nyingine.