Dhamana ya Umri Mzima Kutoka kwa Kampuni ya Miaka Tisa



Leo twataka kuipima kampuni moja ya Marekani, SmileDirectClub, iliyokuwa ikiuza vifuniko vya plastiki angavu vya kunyoshea meno. Ilianzishwa mwaka 2014, makao yake yakawa mji wa Nashville, na ikafunga milango tarehe 8 Disemba 2023. Huenda ukauliza: kampuni iliyokwisha kufa yatuhusu nini? Yatuhusu, kwa kuwa biashara ya namna ile haikufa nayo. Vijana wetu huyaona matangazo ya vifuniko kama hivyo katika simu zao, kisha huja kwa wazee wao kuomba fedha. Ni kheri tujue yaliyowafika waliotangulia.

Tuanze kwa insafu. Vifuniko vyenyewe si uwongo. Align Technology, kampuni iliyoanzishwa California mwaka 1997, ndiyo iliyovitia sokoni kwa jina la Invisalign. Mtu huvaa kifuniko kwa kiasi cha saa 22 kwa siku, na baada ya wiki moja au mbili hukiacha akavaa kingine kilichotofautiana nacho kidogo. Jino likisukumwa taratibu, mfupa ulio mbele yake huyeyuka, na nyuma yake huota mpya. Hivyo, haba na haba, jino huhama. Madaktari wengi wavitumia na watu wengi wamenufaika navyo.

SmileDirectClub ilichokiondoa ni kiti cha daktari. Mteja aliletewa kwa posta donge laini la kung'ata ili meno yaache alama, au alikwenda katika duka la kampuni akapigwa picha za kinywa. Daktari mwenye leseni alizipitia alama na picha hizo akiwa mbali, kisha vifuniko vikapelekwa nyumbani. Kwa miaka mingi bei ilikuwa karibu dola 2,000, na kampuni ikijisifu kuwa ni nafuu hadi asilimia 60 kuliko vyuma vya meno. Katika nchi ambayo matibabu ya meno ni ghali na wengi hawana bima yake, hatuwezi kuwalaumu waliokimbilia unafuu huo.

Lakini jino, ndugu msomaji, si msumari uliopigwa ubaoni. Lina mzizi, na mzizi umo ndani ya mfupa. Picha ya juu haionyeshi mzizi, wala haionyeshi mfupa uliopungua kwa maradhi ya fizi. Jino la namna hiyo likisukumwa laweza kulegea. Ndiyo maana daktari hupiga eksirei kabla ya kuanza, na humwita mgonjwa mara kwa mara kumtazama. Mwaka 2017 chama cha mabingwa wa kupanga meno cha Marekani kilipeleka malalamiko katika majimbo 36. Kampuni ilijibu kwamba mabingwa hao walinda soko lao. Ni kweli walikuwa na maslahi; ila mwenye maslahi naye aweza kusema kweli, na ufizi unaouma haujui maslahi ya mtu.

La kusikitisha zaidi ni kunyamazishwa kwa walioumia. Mwaka 2020 gazeti la New York Times liliandika kwamba mteja aliyetaka kurudishiwa fedha baada ya siku 30 alitakiwa kutia sahihi kuwa hatasema lolote. Disemba 2022 mwanasheria mkuu wa mji wa Washington aliishitaki kampuni kwa jambo hilo, na mwezi Juni 2023 ikakubali kuwafungua watu zaidi ya 17,000 na ahadi hiyo ya kunyamaza. Hebu fikiri: kila mmoja katika hao alikuwa na onyo la kumpa jirani yake. Katika fiqhi ya biashara, muuzaji ajuaye aibu ya bidhaa yake yampasa aibainishe kwa mnunuzi. Huyu aliinunua aibu ili aizike. Wazee walisema kweli: mficha maradhi kilio humfichua.

Kilio kilikuja. Septemba 2019 hisa za kampuni ziliingia sokoni kwa dola 23 kila moja, ikathaminiwa karibu dola bilioni 9. Siku ya kwanza tu zikashuka kwa zaidi ya robo. Septemba 2023 iliomba hifadhi ya mahakama ya kufilisika, ikiwa na deni la karibu dola milioni 900. Disemba ikafunga. Wateja waliahidiwa dhamana ya umri mzima: meno yakirudi kombo, kampuni itayatengeneza tena, maadamu wananunua vifuniko vya kuyashikilia kila miezi sita. Sasa waliambiwa dhamana haipo tena, na aliye katikati ya matibabu amtafute daktari wa karibu. Ama yule aliyenunua kwa mafungu, aliambiwa aendelee kulipa. Dhamana ikafa, deni likaishi.

Neno dhamana ni zito. Mdhamini ni mtu anayesimama mahali pa mwenziwe siku ya shida, na asiye na uwezo wa kusimama hana haki ya kulitamka. Kampuni changa yenye madeni ilimwahidi kijana wa miaka 20 kwamba itakuwa naye hadi uzeeni.

Wapo watakaosema kosa ni kutaka meno yaliyonyooka. Sivyo. Wanachuoni wamepambanua baina ya kuondoa kasoro na madhara, na kubadili umbo kwa urembo mtupu. Mtoto ambaye meno yake yamepandana hata kutafuna kwamtaabisha, kumtibu ni wema.

Basi mwanao akikuletea tangazo, usimkemee. Kaeni pamoja mliulize tangazo lenyewe. Ni nani atakayetazama kinywa cha mtoto huyu kwa macho yake kabla ya kuanza? Jino likiuma mwezi wa tatu, tutabisha mlango gani? Na hiyo sahihi tunayotakiwa kutia, yatufunga ulimi? Kama hakuna jibu, mpeleke kwanza kwa daktari wa meno aliye mjini kwenu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.