Heko, Walimu wa Bukavu

Hongera walimu wa Bukavu mnaowafundisha vijana kununua kwa macho wazi. Katika soko la Kadutu, maharagwe na unga hupimwa kwa kopo la Guigoz, lile la maziwa ya watoto. Mwalimu hodari humwonyesha mwanafunzi kitako cha kopo: kikiwa kimebonyezwa kwa ndani, mnunuzi anapunjwa kila kipimo. Kisha linafuata somo la hesabu: bei imetajwa kwa dola, mfukoni mna franga, chenji itarudi kiasi gani? Na noti ya dola iliyochanika usiipokee, kesho hakuna atakayeitaka.

Masomo haya yanagusa haki za mlaji. Tarehe 15 Machi 1962, Rais Kennedy wa Marekani alilitajia Bunge haki nne za mlaji: usalama, kupewa habari, kuchagua na kusikilizwa. Kuzitaja ni rahisi. Kazi ni kumzoeza binti wa miaka 14 kusoma tarehe ya mwisho kwenye kopo la nyanya, na kumwambia muuzaji kwa adabu, “Mama, tafadhali pima tena.” Ofisi ya Ukaguzi ya Kongo (OCC) ina kazi ya kukagua bidhaa mpakani, lakini jicho la mwisho ni la mnunuzi. Walimu wanaolifungua jicho hilo wanastahili heko, na sisi wazazi tuwaunge mkono.