Nani Amelipia Hiyo Chupa?

Kuna methali ambayo kila mtu aliyeandika insha ya Kiswahili darasa la saba aliitumia angalau mara moja: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Tulifundishwa kuisoma kama onyo kwa mgema. Usivimbe kichwa. Sawa, lakini hebu isome tena polepole, safari hii ukiwatazama wanywaji. Tembo lilikuwa zuri. Mgema alipanda mnazi asubuhi na jioni, akakinga, akashuka, akauza. Wanywaji wakaanza kusifu, na wakaendelea kusifu hata maji yalipoingia, kwa sababu walishazoea. Kosa la mgema ni la pili. La kwanza ni la hao wenye vikombe mkononi walioacha kuonja.

Naileta methali hii kwa sababu Nairobi sasa ina kundi zima la watu ambao kazi yao ni kusifu mvinyo. Unawajua. Video ya dakika moja. Chupa imegeuzwa ili lebo itazame kamera. Glasi ina mguu mrefu. Mtu anaizungusha, ananusa, anafumba macho, anaguna kama aliyekumbuka kitu kizuri, halafu orodha inaanza: beri nyeusi, mwaloni, vanila, ngozi kwa mbali. Mwishoni kuna kodi ya kupata punguzo. Nimetazama nyingi za aina hii kabla ya kuandika, na zinafanana kiasi kwamba ukizima sauti na kuficha lebo huwezi kujua ni chupa gani inayosifiwa. Kitu kimoja karibu hukipati: mtu ameze, anyamaze kidogo, kisha aseme, "Hii hapana. Msinunue."

Hoja yangu ni hiyo tu. Mtu ambaye hajawahi kusema hapana, ndiyo yake haina uzito. Haijalishi ulimi wake ni mkali kiasi gani, wala amesomea wapi.

Mbona jambo hili limhusu mtu wa Makadara? Tembea kutoka Hamza hadi Buruburu uhesabu maduka yaliyoandikwa Wines and Spirits. Neno la kwanza kwenye kibao ni mvinyo, lakini nyuma ya zile nondo rafu zimejaa jini na vodka, mzinga na robo. Mvinyo wenyewe umebanwa kwenye kona: 4th Street, Caprice, labda chupa nyingine mbili tatu zenye vumbi mabegani. Haununuliwi ovyo. Hununuliwa kwa ajili ya ruracio, besidei, binti wa jirani akifuzu chuo, au msee amealikwa nyumbani kwa wazazi wa dem wake na hataki kuingia mikono mitupu. Chupa ya elfu moja na kitu, kwa anayefanya kibarua Viwandani, ni zaidi ya pesa ya siku nzima. Hana nafasi ya kuonja tano ndipo achague moja. Ana simu, ana bando za leo, na ana neno la huyo mtu wa glasi. Akidanganywa, hasara si ya kampuni wala ya msifiaji. Ni yake.

Na upande huu wa mji umezoea kuamuliwa kinywaji na mtu mwenye maslahi. Chini ya ukoloni, sheria ilimzuia Mwafrika kununua mvinyo na pombe kali za Kizungu hadi miaka ya 1950. Huku nyuma, tangu miaka ya 1920, manispaa ya Nairobi ilijipa ukiritimba wa kupika na kuuza pombe ya kienyeji kwa Waafrika, ikianzia Pumwani, na mama aliyepika busaa yake nyumbani akawa anasakwa na polisi. Aliyepika, aliyeuza na aliyetangaza kwamba hii ndiyo pombe halali alikuwa mmoja. Mnywaji hakuulizwa ladha. Baada ya uhuru, mwaka 1969, serikali ikaunda Kenya Wine Agencies, na kwa miaka mingi kampuni hiyo ndiyo iliyoshika ufunguo wa mvinyo kuingia nchini. Kwa hivyo mtu huru wa mtaani, anayeonja na kusema analotaka mbele ya maelfu, ni kitu kipya kabisa kwetu. Ndiyo maana inauma kuona nafasi hiyo ikiuzwa kwa bei ya katoni moja.

Wapo watakaosema yote haya ni kelele, kwamba hata mabingwa hawajui wanachosema. Wana ushahidi. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux, akiwemo Frédéric Brochet, walichapisha jaribio ambapo wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha. Wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Mwaka 2008 Robert Hodgson, profesa mstaafu mwenye kiwanda kidogo cha mvinyo California, alionyesha kilichotokea majaji wa maonyesho ya jimbo hilo walipopewa mvinyo uleule mara tatu bila kujua: karibu mmoja tu kati ya kumi ndiye aliyetoa alama zinazokaribiana.

Mimi sisomi majaribio hayo kama ushahidi kwamba ladha ni uongo. Nasoma kwamba macho hunywa kabla ya ulimi. Sasa fikiria. Kama mtu anayesomea jambo hili anapotoshwa na matone ya rangi, itakuwaje kwa aliyeletewa chupa na boda hadi mlangoni, imefungwa kwa utepe, ina kadi yenye jina lake, na nyuma yake kuna ahadi ya mwaliko Naivasha mwezi ujao? Huyo amepotoshwa kabla hajang'oa kizibo. Si lazima awe mwongo. Anaweza kuwa anasema ukweli wote anaouhisi, na bado usiwe na faida yoyote kwako.

Wala tusijidanganye kwamba ni ugonjwa wa Nairobi peke yake, au wa wachanga wa mitandaoni peke yao. Mwaka huohuo wa 2008 mwandishi Robin Goldstein alibuni mkahawa usiokuwepo mjini Milan, akautungia orodha ya mvinyo, zikiwemo chupa ambazo jarida la Wine Spectator lenyewe lilikuwa limeziponda, akalipa ada ya maombi kwa jarida hilo, na mkahawa huo wa hewani ukapewa tuzo.

Tuwe wa haki. Msifiaji naye ana kodi ya nyumba. Hawezi kununua chupa nne kila wiki kutoka mfukoni ili sisi tufaidike bure. Kupewa chupa si dhambi. Dhambi ni kunyamaza kwamba ulipewa. Nchini Marekani, tangu 2009, miongozo ya shirika la biashara la serikali inamtaka anayesifu bidhaa aliyopewa aseme wazi kwamba alipewa. Hapa kwetu, Julai 2025, NACADA ilizindua sera mpya ya kitaifa yenye mapendekezo mazito zaidi: umri wa kunywa upande kutoka miaka 18 hadi 21, na watu maarufu na mainfluensa wazuiwe kunadi pombe. Naielewa nia. Lakini hofu yangu ni kwamba marufuku ya namna hiyo, ikitekelezwa kwa rungu, itamfunga mdomo pia yule mmoja aliyetaka kusema chupa fulani ni mbovu. Kampuni itabaki na mabango yake, na mnywaji atabaki na lebo tu.

Kuna jambo jingine linalopunguza imani yangu kwao, nalo ni lugha. Mwaka 1984 Ann Noble wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alichapisha gurudumu la harufu za mvinyo, mchoro wa kuwasaidia watu kutaja wanachonusa kwa maneno ambayo mwingine anaweza kuyahakikisha. Nia yake ilikuwa nzuri sana: kama unasema harufu fulani, chukua kitu chenyewe, kiweke kwenye glasi, tunuse wote. Sisi tumechukua maneno, tukaacha kunusa. Mtu wa Maringo anaambiwa kuna harufu ya blakikaranti, na blakikaranti anayoijua ni ile ya Fanta. Atabisha vipi?

Lakini mwambie mvinyo huu una ukali wa ukwaju, au una harufu ya mapera yaliyoiva hadi nyumba nzima ikajua, au unaacha ulimi mkavu kama umekula zambarau changa. Hapo umejiweka hatarini. Yeyote anaweza kuonja akakwambia, "Zii, hiyo si ukwaju, hiyo ni ndimu." Dai linaloweza kubishiwa ndilo linalostahili kuaminiwa. Maneno ya kifahari yasiyoshikika yanamlinda msemaji tu.

Uongo mwingine umevaa suti. Ni ule wa kuicheka 4th Street. Msifiaji akitaka kuonekana amebobea, huanza kwa kuwadharau wanaokunywa mvinyo mtamu, kisha anasifu mwekundu mkavu ambao uso wake mwenyewe unaonyesha haufurahii. Sisi tumelelewa na chai ya maziwa yenye sukari vijiko vitatu. Kupenda utamu si ushamba. Swali la mhakiki ni kama utamu huo una uchachu wa kuubeba, au umelala tu ulimini kama sharubati. Hilo linaweza kujibiwa kwa heshima, chupa kwa chupa, na lingemsaidia mnunuzi kuliko kicheko.

Kinyume chake ni sifa za uzalendo. Leleshwa inatoka kwenye zabibu za Naivasha. Dodoma wanalima zabibu tangu wamisionari walipozipanda miaka ya 1950. Ni mambo ya kujivunia, lakini ukisifu kila chupa kwa sababu ni yetu, umerudi palepale kwa mgema. Mkulima wa Dodoma anastahili mtu wa kumwambia mwaka huu mmeharibu wapi.

Na kuna kimya kimoja ambacho siwezi kukisamehe kirahisi. Novemba 2000, katika vijiji vya Mukuru, jirani kabisa na hapa, pombe iliyotiwa methanoli iliua watu zaidi ya 100 na kuwapofusha wengine. Tangu hapo tumeletewa stempu za ushuru kwenye chupa, na KRA ina programu ya Soma Label ya kuzikagua kwa simu. Stempu nazo zikaghushiwa. Kwa mnunuzi wa Eastlands, swali la kwanza kuhusu chupa yoyote ni kama kilichoandikwa nje ndicho kilichomo ndani. Vanila ni swali la kumi. Katika mikusanyiko mingi ya wazee wetu, mwenye muratina huonja kwanza mbele ya wageni ndipo awape. Kitendo hicho kinasema: ikiwa ni mbaya, itaanza na mimi. Sijaona video inayoanza kwa kukagua stempu.

Basi ukikutana na sifa ya mvinyo wikendi hii, usiulize kama msemaji ni bingwa. Uliza chupa ililipiwa na nani. Rudi nyuma kwenye kazi zake utafute hapana moja, hata ndogo. Angalia kama maneno yake unaweza kuyapinga ukiwa na glasi yako mwenyewe. Akipita, mfuate, mpe nafasi, na akikosea mwambie kwa adabu. Asipopita, hizo pesa afadhali uchange na watu wanne mnunue chupa moja, muifunike lebo kwa gazeti, na kila mtu aseme anachokipata kabla ya kuona bei.