Namna ya Kuzipima Santuri za Todd Rundgren

Upande wa pili wa Something/Anything?, santuri mbili pacha alizozitoa Todd Rundgren mwaka 1972, hauanzi kwa wimbo bali kwa darsa: mwimbaji mwenyewe, kwa sauti ya mzaha, humwalika msikilizaji katika mchezo wa kusaka ila za studio, akamsikilizisha moja baada ya moja mvumo wa umeme, utepe unaolia kama nyoka mwenye hasira, herufi P inayopasuka mbele ya maikrofoni, na mahali utepe ulipokatwa na kuungwa ovyo. Atakaye kumpima bwana huyu, mzaliwa wa Pennsylvania mwaka 1948, aliye mwimbaji, mtunzi na mtayarishaji kwa pamoja, namnasihi aanzie hapo, kwani ni nadra fundi kumkabidhi mnunuzi mizani ya kumpimia.

Pande tatu katika nne za kazi hiyo alizipiga na kuziimba peke yake, na desturi yake ilikuwa kutanguliza ngoma: aliketi akazipiga huku wimbo mzima ukimpitia kichwani, pasi na gitaa wala piano ya kumwongoza, ndipo akaja kuvipanga vyombo vingine juu yake. Basi msikilizaji na aiache kando sauti ya mwimbaji, japo ni tamu, azifuate ngoma pekee tangu mwanzo hadi mwisho. Atahisi mwendo ukiyumba kidogo, ukaharakishwa mpigaji anapokiingia kiitikio kwa pupa, ukatulia tena. Si ngoma za stadi, wala sidai hivyo. Walakini gitaa, besi na piano zote zimeyumba pamoja nazo, maadamu mikono ni ya mtu mmoja, na upatanifu wa namna hiyo haununuliki kwa kuajiri wapigaji hodari.

Kipimo kingine ni kulinganisha. Hello It's Me aliitunga akiwa katika kundi la Nazz, nao wakaitoa mwaka 1968 kwa mwendo wa pole na wa huzuni; akairudia katika upande wa nne wa santuri zile za 1972, safari hii pamoja na wapigaji waliokusanyika studioni, tarumbeta na waitikiaji wakiwamo, mwendo ukiwa umechangamka, na mwaka 1973 ikapanda hadi nafasi ya 5 nchini Marekani. Tungo ni ileile. Zisikilize zikifuatana, utaona kuwa katika ya kwanza mtu anaomboleza, na katika ya pili anapiga simu. Na kwa kuwa maneno yake hasa ni ya mtu aliyepiga simu, mimi huhukumu kwamba ile ya pili ndiyo iliyoufahamu wimbo.

Ubahili wa nafasi hakuujua kamwe, na hapa namlaumu. A Wizard, a True Star ya 1973 imebeba karibu dakika 56 katika santuri moja, na Initiation ya 1975 ikapita saa nzima, ilhali mifereji ya santuri ni kama matuta ya shamba: ukiyataka mengi huna budi kuyabana, na yakibanwa sauti hufifia na besi hukonda. A Cappella ya 1985, iliyojengwa kwa sauti ya koo lake tupu, naipita upesi. Ni ajabu kuliko ilivyo tamu.

Ama ustadi wake kwa wengine, utafute katika Bat Out of Hell ya Meat Loaf, mwaka 1977, ambako ilihitajika sauti ya pikipiki, naye badala ya kwenda kurekodi pikipiki akatwaa gitaa, akaufanya mngurumo na mwendo wa gia kwa nyuzi, kwa pigo moja lisilorudiwa. Kisha keti na Skylarking ya kundi la Kiingereza XTC, mwaka 1986. Rundgren alizichagua nyimbo na kuzipanga kabla hawajaanza kurekodi, zifuatane kama saa za siku ya kiangazi, wadudu wakilia baina yake. Andy Partridge, mtunzi wao mkuu, akazozana naye vikali studioni, na santuri iliyozaliwa katika ugomvi huo aghalabu huhesabiwa miongoni mwa bora zao. Lakini besi yake ilikuwa nyembamba, na wapenzi wake, mimi mmoja wao, tuliichukulia kuwa ni hiari ya fundi. Baadaye ikagunduliwa kuwa mawimbi yake yaligeuzwa mahali fulani njiani, hata pale spika ilipopaswa kusukuma ikawa inavuta. Mwaka 2010 ikatolewa upya ikiwa imesahihishwa, na besi ikarudi. Miaka 24 tulikuwa tumeisifu ilivyo, na mchezo ule wa 1972 ila hii haukuitaja.